Kikopo chenye Jina Langu

Naitwa Mize. Nasomesha jiografia katika skuli moja ya sekondari hapa Unguja, nina watoto wawili, na pafu langu la kulia lina kovu ambalo daktari huliona kila nikipigwa picha ya kifua. Mlionialika mlitaka niwaeleze nilivyougua kifua kikuu nikiwa mwanafunzi kama nyinyi, na nilivyopona. Nitaeleza. Lakini habari hii si yangu peke yangu, na sehemu yake kubwa si ya kujisifia, basi nivumilieni.

Mie ni mtu wa Bwejuu. Mama yangu analima mwani, na baba alifariki nikiwa darasa la nne. Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyewahi kupita kidato cha pili. Barua ya chuo ilipofika, mama aliichukua akapita nayo kwa jirani zake nyumba baada ya nyumba. Yeye mwenyewe hajui kusoma, lakini aliwaonyesha mhuri.

Chuo kilikuwa kichanga wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Dakhalia ya wanawake, bweni tulimolala, ilikuwa nyumba kongwe ya Mji Mkongwe yenye kuta nene na ngazi za giza. Madirisha yanayotazama barabarani yalipigiliwa mbao ili wapita njia wasituone. Tuliona ni sitara, wala hakuna aliyefikiria hewa.

Chumbani tulikuwa wawili, mie na Thuwaiba. Yeye ni wa Micheweni, Pemba. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko wavulana wote wa darasa lake, na mcheshi, mtu wa kukuchekesha hata ukiwa umefiwa. Baba yake ni mwalimu wa Kurani, na alimruhusu kuja Unguja kwa sharti moja: likimfika neno lolote juu yake, liwe la kweli au la uongo, anarudi nyumbani. Thuwaiba alinieleza hivyo wiki ya kwanza, akicheka, lakini niliona kwamba hafanyi mzaha.

Kikohozi changu kilianza mwaka wa pili, baada ya Idi. Nilidhani ni vumbi la maktaba. Nikanunua dawa ya kifua dukani, nikalamba asali, nikanywa maji ya tangawizi. Hakikuondoka. Kwanza kilikuwa kikavu, kisha kikaanza kutoa kohozi zito la manjano. Jioni mwili ulishika moto, na alfajiri niliamka shuka imerowa jasho hata ningeweza kuikamua. Sketi zikaanza kunishuka kiunoni, nikazitia pini. Thuwaiba aliniambia nimekonda. Nikamwambia ni masomo.

Siku niliyoona damu nilikuwa nasukutua mdomo asubuhi. Zilikuwa nyuzi mbili tatu nyekundu ndani ya kohozi. Nikafungua maji yakazichukua. Nilijua, msidhani kwamba sikujua. Lakini siku zile mtu akikonda na kukohoa, watu hawakusema ana kifua kikuu. Walisema ana ukimwi, na msichana ambaye hajaolewa akishasemwa hivyo, hakuna wa kumsafisha. Nikamfikiria mama na barua yake yenye mhuri. Basi nikanyamaza. Nilinyamaza karibu miezi mitatu, ndani ya chumba kisicho na dirisha la kufunguka, pamoja na mtu niliyempenda kama ndugu.

Kisha kijana mmoja wa mwaka wa tatu alianguka darasani. Alipelekwa hospitali, na huko akaonekana ana kifua kikuu. Chuo kikashtuka, na siku za mwanzo mambo yalifanywa kwa pupa. Lilibandikwa tangazo kwamba kila anayekohoa arudi kwao mpaka apone. Matokeo yake chuo kizima kikaacha kukohoa. Watu walivimeza vikohozi vyao darasani mpaka machozi yakawatoka. Mie nilijifunza kukohoa ndani ya mtandio, polepole, kama mtu anayesafisha koo. Wazazi wawili watatu wakaja kuwachukua binti zao. Yule kijana aliyeanguka, kiti chake hakuna aliyekikalia mpaka muhula ukaisha.

Aliyetuokoa ni daktari wa chuo, Dk. Rukia. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Mji Mkongwe, wa ukoo wa Kiarabu uliowahi kuwa na mashamba na baadaye ukabaki na nyumba moja tu ya kupangisha. Sauti yake ni ndogo, lazima unyamaze ndiyo umsikie. Alilibandua lile tangazo kwa mkono wake mwenyewe. Tulisikia kwamba aliwauliza wakubwa wa chuo kama wanataka kuyatibu maradhi au kuyatawanya vijijini. Akaomba kila anayelala dakhalia aulizwe, na kila mwenye kikohozi kisichopona atoe kohozi lipimwe.

Mie sikujiandikisha. Aliyeniandikisha ni Bi Fatma, mlezi wa dakhalia, ambaye chumba chake kilipakana na chetu. Alisema ananisikia ukutani. Nikapewa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, kimeandikwa jina langu na namba yangu, nikaambiwa nitie kohozi la asubuhi nikiamka, nikirudishe.

Asubuhi ile nilikaa kitandani na kikopo mkononi, kifua kimejaa, na sikutaka kukohoa. Thuwaiba alikuwa anafunga mtandio mbele ya kioo. Naye alikuwa na kikohozi kidogo, wiki ya tatu ile, kijikohozi cha mafua, alivyosema mwenyewe. Bi Fatma hakukisikia kwa sababu changu kilikifunika.

Nikamwambia, "Thuwaiba, nitemee wewe."

Alinigeukia. Akaniuliza nina nini hasa. Nikamwambia sina kitu, naogopa tu, na kama majibu yakija mabaya mama yangu atakufa. Nilikuwa nalia. Akakitazama kikopo, akanitazama na mie.

"Nikitema, utanyamaza?"

Nikamwambia nitanyamaza. Akakichukua, akakohoa mara mbili, akatema, akakifunga. Akakifuta nje kwa pembe ya kanga yake, akanirudishia. Nilikipeleka zahanati mwenyewe. Njiani nilihisi mwepesi, Mungu anisamehe, kama mtu aliyefaulu mtihani.

Siku ya tatu Dk. Rukia aliniita ofisini kwake. Alifunga mlango, akanivutia kiti karibu na chake.

"Mize, katika kohozi lako vimeonekana vijidudu vya kifua kikuu. Ni maradhi yanayotibika. Nataka unisikilize vizuri."

Sikumsikiliza. Nilisikia neno moja tu, kohozi lako. Halikuwa langu. Mie nilikuwa namjua mwenye kohozi lile, alikuwa chumbani anapiga pasi. Na mara ile ile nilijua alikoyapata. Neno likanifika mdomoni, likarudi. Daktari alidhani nalia kwa ajili yangu, akanishika mkono. Akanieleza kwamba nitameza dawa miezi minane, miwili ya mwanzo nizimeze kila siku mbele ya muuguzi, na kwamba wiki mbili za kwanza nisilale dakhalia. Vidonge vya kwanza nilivimeza palepale. Vilikuwa dawa ya ugonjwa wangu kweli, lakini niliandikiwa kwa kohozi la mwenzangu.

Nilirudi chumbani nikamwambia. Thuwaiba aliizima pasi, akakaa juu ya nguo alizokuwa akizinyoosha.

"Basi ni mie," alisema.

Nikamwambia ni sisi sote, na yeye kayapata kwangu. Nikamweleza damu, nikamweleza miezi mitatu. Sikumficha tena kitu. Nilitazamia anitukane, na ingekuwa nafuu. Lakini alichofanya ni kunishika mikono yote miwili. Alinisihi nisiseme. Alisema atakwenda hospitali mwenyewe, kimyakimya, chuo kisijue, kwa sababu chuo kikijua kitamwandikia baba yake, na barua hiyo ndiyo mwisho wake Unguja. Alitaka siku chache tu.

"Niapie," akaniambia. Nikamwapia.

Nikahamia Kikwajuni kwa mamdogo, ndugu yake mama. Mamdogo alinipokea, lakini alinitengea kikombe, sahani na kijiko, na kikombe changu alikiweka dirishani peke yake. Sikumlaumu. Kila asubuhi nilikwenda zahanati ya chuo kumeza vidonge, na kila nikitoka nilimtafuta Thuwaiba. Nilimuuliza kama kenda. Alinijibu kesho. Siku ya nne kesho, ya saba kesho. Sauti yake ilikuwa imeanza kukauka. Siku moja alisema hakwenda kwa sababu ana zoezi la hesabu la kukabidhi, na alisema kwa namna ya kuniomba nimwamini.

Mie dawa zilikuwa zimeanza kunifanyia kazi. Jasho lilikwisha, nilianza kuitamani samli katika chakula. Nilikuwa napona, na yeye anaugua mahali pangu. Hilo ndilo lililonitafuna, na bado sikusema. Kiapo kilinizuia, na woga pia, kwani wakijua tulivyodanganya tungefukuzwa wote wawili. Siwezi kuwaambia kipi kilikuwa kizito zaidi.

Siku ya kumi na moja hakuwako darasani. Nilipanda dakhalia. Nilimkuta kalala, uso kaelekeza ukutani, na chini ya kitanda pana ndoo. Hazikuwa nyuzi. Ilikuwa damu yenyewe, nyekundu, ina povu, na mabonge ndani yake. Pumzi zake zilikuwa fupi fupi. Aliponiona alinishika kifundo cha mkono akatikisa kichwa. Alikuwa hana nguvu ya kusema, lakini mkono ule ulinikumbusha kiapo. Nikautoa mkono wake, nikashuka ngazi nikikimbia.

Nilimweleza Dk. Rukia kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Aliuliza neno moja tu.

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Alivua miwani, akaivaa tena, akatoka kuita gari.

Thuwaiba alilazwa hospitali alasiri ile. Mie nilitakiwa nikohoe mbele ya muuguzi, naye akasimama hatua tatu akinitazama mpaka nilipofunga kifuniko. Pamoja na dawa nilizokwisha kumeza, vijidudu vilikuwamo.

Habari ilienea siku ile ile. Pakafanywa mkutano ukumbini, sisi hatukuwapo, lakini nilisimuliwa na wengi. Wanafunzi walidai dakhalia ifungwe. Wakubwa wengine walitaka tufukuzwe kwa udanganyifu. Walisema tukiachwa, kila mtu atacheza na vipimo. Dk. Rukia alisimama akasema kwa sauti yake ile ndogo, watu wakalazimika kunyamaza.

"Mkiwafukuza hawa, hapana mwanafunzi atakayekohoa tena mbele yangu. Nitabaki na vikopo vitupu na nyinyi mtabaki na wagonjwa."

Hatukufukuzwa. Tulipewa likizo ya muhula, na tukaandikiwa onyo ambalo lilikuwa haki yetu. Wanafunzi wa dakhalia wakapimwa wote, akapatikana mmoja mwengine, akatibiwa mapema. Walimu wawili wakajitolea kutupelekea masomo. Na madirisha yakafunguliwa. Bi Fatma alikataa kwanza, akasema wanawali wataonekana kama samaki sokoni. Mwishowe waliafikiana. Mafundi waling'oa mbao, na Bi Fatma akashona mapazia mepesi yeye mwenyewe, upepo upite na macho yasipite. Nasikia siku ile vyumba vilinuka chumvi ya baharini kwa mara ya kwanza.

Baba yake Thuwaiba alikuja kwa boti. Nilikuwapo wodini, nimemletea uji mgonjwa, nimejifunga kitambaa puani. Alikuwa mzee mwembamba wa kanzu safi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, akanishukuru kwa kumtazamia mwanawe. Kisha akakaa, akasema, wala hakumtazama mtu, "Kwetu hakuna mwenye maradhi haya. Huyu kayatoa wapi?"

Mie nilikuwa nimeshika kibakuli cha uji. Ilikuwa zamu yangu kusema. Thuwaiba alinitazama, kisha akamjibu baba yake kwamba Mungu ndiye ajuaye. Nikaendelea kushika kibakuli.

Damu ilipokatika na homa ikashuka, baba yake alimchukua. Dk. Rukia alimwandikia barua ya kuendelea na dawa Pemba, na alimwomba sana mzee aruhusu nafasi ya mwanawe iwekwe mwaka mmoja. Mzee alimshukuru, akakataa. Alisema Unguja imemrudishia nusu ya mtoto aliyemleta. Nilikwenda kumuaga Thuwaiba. Alikuwa anafungasha. Aliniambia neno moja.

"Uliniapia."

Miezi iliyobaki niliimaliza peke yangu. Watu hudhani dawa ya kifua kikuu unameza tu basi. Mkojo wangu ulikuwa mwekundu kama sharubati, nikaogopa mpaka nikaambiwa ni rangi ya dawa. Magoti na vifundo viliniuma kama vya bibi kizee. Asubuhi nilitapika, na muuguzi akanifundisha nile kipande cha mkate kwanza. Mwezi wa tatu nilijiona nimepona, nikataka kuacha. Hapo mama akaja kutoka Bwejuu. Alikiona kikombe changu dirishani, akauliza cha nani. Akakichukua, akakisuuza, akanywea chai yake. Mamdogo alitaka kusema, akaacha. Daktari alikuwa ameshatueleza kwamba vikombe haviambukizi, na kwamba mgonjwa aliyeshika dawa hatishi tena, lakini mamdogo hakuamini mpaka alipomwona dada yake anakunywa. Mama alikaa nami mwezi mzima, akauacha mwani wake. Kila siku alinitazama nikimeza, kisha ananiambia nifungue kinywa, kama kwamba nina miaka minne. Nikameza mpaka kidonge cha mwisho. Kohozi langu likapimwa, likawa safi.

Nilirudi chuoni. Kitanda cha Thuwaiba alipewa msichana mwengine, mtu mwema, na sikumzoea. Nilimwandikia Thuwaiba barua nyingi. Hakujibu hata moja. Nikahitimu, nikaolewa, nikapata kazi, na kila nilipoitwa mwalimu nilikumbuka kwamba tulitakiwa tuwe wawili.

Ilipita miaka sita. Nikapelekwa Pemba kusimamia mitihani, na nikiwa huko nikaulizia Micheweni. Nilimkuta nyumbani kwake, kaolewa, ana mtoto wa kike, anasomesha hesabu skuli ya msingi. Alikuwa amenenepa. Lakini tulipopanda kijilima cha nyuma ya nyumba yake alisimama mara mbili kuvuta pumzi, kwani pafu lake moja halikurudi sawa. Baba yake alikuwa ameshafariki. Yale niliyotakiwa kumwambia mzee yule, siku ile ya uji, sitaweza tena kumwambia, na hilo ninalo mpaka leo.

Nilimwomba Thuwaiba radhi kwa kumwambukiza. Alishangaa. Alisema maradhi hayaombewi radhi, maradhi hukaa penye watu. Alichonikasirikia miaka yote ile si kumwambukiza, ni kusema.

"Nilikuwa nalala nakuchukia, Mize. Kila nikiona watoto wanafanya hesabu nakuchukia. Kisha nikamzaa huyu." Alimwonyesha mtoto wake, aliyekuwa anavuruga mchanga kwa kijiti. "Ungekitimiza kile kiapo, leo ungekuja kuomba radhi kaburini."

Tukakaa. Baadaye nilimuuliza kama naruhusiwa kuisimulia habari hii kwa watu. Alifikiri.

"Isimulie," aliniambia. "Lakini useme na mie nilikubali kutema, na mie nilikuapisha. Usinifanye mjinga mbele za watu."

Basi nimesema.

Namshukuru Mungu aliyenibakisha. Namshukuru Dk. Rukia, aliyestaafu sasa, na mama yangu, na muuguzi wa zahanati aliyenikatia mkate kila asubuhi. Namshukuru Thuwaiba kuliko wote, na shukurani zangu kwake haziondoi deni la niliyomtendea. Kwenu walimu na wakubwa wa chuo, nawaomba mgonjwa msimtishe kwa tangazo. Akiogopa kufukuzwa atajificha, na akijificha hatajificha peke yake, kuna mtu analala kitanda cha pili. Kwenu wanafunzi, kikohozi cha zaidi ya wiki mbili si cha kutibiwa kwa asali. Kapimwe. Dawa ni bure, na ni miezi michache ya umri wako. Ukianza, malizia. Na rafiki yako akikuapisha unyamaze juu ya roho yake, kivunje kiapo hicho siku ya kwanza, usingoje ya kumi na moja.

Nimeona wakati nazungumza kuna watu wawili watatu humu ukumbini wanakohoa ndani ya mitandio na mikono ya mashati. Siwatazami. Nikimaliza hapa nitatoka, nitakaa kwenye baraza ya nje mpaka adhuhuri. Anayetaka kufuatana na mtu mpaka zahanati, aje, tutakwenda pamoja, na jina lake sitamuuliza.